VAGO YA MWISHO: KAZI YA GADI NYUMA YA TRENI YA MIZIGO

Huku kwetu Fizi na Baraka hakuna reli. Lakini wengi wetu tumepanda boti kwenda Kalemie ao Kigoma, na kote kuwili reli inafika mpaka ukingo wa ziwa. Ile ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914. Ile ya Kabalo ilifika Kalemie (wakati ule Albertville) mwaka wa 1915.

Basi, mwaona swali hili: kwa nini zamani treni ya mizigo ilivuta nyuma yake vago moja ndogo isiyobeba mzigo wa biashara?

Ile ilikuwa nyumba ya gadi. Ndugu zetu wa Kigoma wanasema behewa la gadi. Waamerika wanaiita kabusi. Ndani mulikuwa na kiti, taa, bendera, mara nyingine jiko, na gurudumu la kukaza freni kwa mikono. Gadi alikuwa na kazi tatu:

1. Kuzuia. Zamani vago za mizigo hazikuwa na freni moja ya treni nzima. Kiungo kikikatika mlimani, vago za nyuma zilirudi zenyewe. Gadi alizishika kwa gurudumu lake.

2. Kuangalia. Ekseli ikiungua, yeye wa nyuma aliona moshi; dereva alikuwa mbali mbele.

3. Kushuhudia. Vago ya mwisho ilikuwa na taa nyekundu. Mkuu wa stesheni akiiona imepita, alijua treni ni nzima. Asipoiona, hakuruhusu treni ingine, kwa maana kuna vago zimebaki njiani.

Mwanzo vago hizo zilikuwa za mbao. Huko Marekani mashini kubwa zilipoanza kusukuma treni kutoka nyuma, mbao zilipasuka, tena jiko liliweza kuzichoma. Ndiyo sababu katika karne ya 20 wakajenga za chuma.

Lakini George Westinghouse alikuwa amekwisha kutengeneza freni ya hewa tangu 1869, na baadaye akaiboresha. Bomba likikatika, hewa inatoka na freni zote zinajikaza zenyewe. Katika miaka ya 1980 Waamerika wakafunga nyuma kisanduku chenye taa, kinachopima hewa na kumpasha dereva habari kwa redio. Gadi akashuka.

Je, hatari imekwisha? Hapana. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, Dodoma, kwenye reli ile ile inayokuja Kigoma, treni ya abiria ilishindwa mlima. Freni hazikuishika. Ikarudi nyuma, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Freni ya hewa ni nzuri, lakini haijikagui yenyewe. Lazima mtu ashuke, atembee toka mashini mpaka vago ya mwisho, aangalie kila kiungo, ndipo treni iondoke. Na sisi watu wa ziwa tujiulize: boti yetu ikijaa mizigo pale Baraka, nani anazunguka kuikagua mbele ya kuondoka?