Tovuti ya ushirika ipangwe kama soko

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye intaneti, hata chema hakijiuzi iwapo mnunuzi hakioni. Chama cha ushirika kinaweza kulipia tovuti, kikaweka humo bei, picha za mazao na namba za simu, na bado mteja akaondoka bila kupata alichokifuata.

Chanzo kikubwa ni mpangilio. Tovuti nyingi hufuata muundo wa ofisi: historia ya chama, salamu za mwenyekiti, idara ya fedha, idara ya masoko. Lakini mkulima ambaye lori la mnunuzi limeshafika shambani hatafuti idara. Anataka kujua gunia la mahindi linauzwaje leo. Kila ukurasa anaoufungua bila mafanikio unakula salio la simu yake. Akichoka, atauza kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi.

Serikali ya Uingereza ilikabili tatizo kama hilo. Mwaka 2012 tovuti zake mbili kubwa, Directgov na Business Link, zilifungwa na nafasi yake kuchukuliwa na GOV.UK. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa mahitaji ya mtumiaji: mwananchi amekuja kufanya nini?

Ushirika unaweza kuanza na swali hilo hilo bila gharama kubwa. Kwa wiki mbili, karani aandike kila swali linaloulizwa ofisini na kwa simu. Maswali yanayojirudia zaidi, kama vile bei, siku ya malipo na upatikanaji wa mbegu, ndiyo yawekwe juu kabisa katika ukurasa wa kwanza. Salamu za mwenyekiti zinaweza kusubiri chini.

Hatua ya pili ni kupanga makundi. Kila mada iandikwe kwenye kadi yake, kisha wanachama wachache wapewe kadi hizo, mmoja mmoja, wazipange kwa namna wanayoona zinahusiana na kulipa kila fungu jina. Watumishi wa ofisi wasiingilie. Sokoni nyanya hukaa na nyanya na nafaka na nafaka, ndiyo maana mgeni hapotei. Makundi yanayojitokeza kwa watu wengi ndiyo yawe menyu ya tovuti.

Tatu ni majina. Neno "pembejeo" limezoeleka ofisini, lakini anayetafuta mbolea huandika "mbolea". Kwa wanaouza nje ya mpaka, uangalifu uzidi. Zao linaloitwa choroko nchini Tanzania huitwa ndengu nchini Kenya, ilhali dengu ya Tanzania ni zao jingine kabisa. Vivyo hivyo, gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90, na Tanzania kilo 100. Bei isiyotaja uzito, soko na tarehe inaweza kumtia mfanyabiashara hasara.

Kabla ya kuzindua tovuti, ifanyiwe majaribio. Mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza apewe simu na kazi moja, kwa mfano, "Tafuta bei ya maharage ya leo." Aangaliwe bila kusaidiwa. Pale anaposita ndipo penye kasoro. Mtaalamu wa matumizi ya tovuti kutoka Denmark, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba majaribio ya watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya matatizo. Kasoro zikirekebishwa, jaribio lirudiwe na watu wengine.

Hata hivyo, mpangilio mzuri hautoshi bila mtu wa kuutunza. Chama kiteue karani mmoja wa kubadilisha bei kila siku ya soko na kuondoa matangazo yaliyopitwa na wakati. Bei ya mwezi uliopita ikiachwa kana kwamba ni ya leo, humpotosha mkulima kuliko ukurasa mtupu.