Sura ya Sita: Sababu za Uzito wa Programu za Kuhariri Picha

Ni chache adha zimkerazo fundi wa picha kama kuivuta brashi juu ya kioo akaona rangi ikimfuata nyuma kwa kusitasita, hali mteja amekaa kitini akiingoja kazi yake. Na aghalabu fundi huyo, kwa ghadhabu ya saa ile, huilaumu kompyuta nzima, akaenda dukani kununua nyingine ambayo baada ya miezi michache huwa nzito kama ile ya kwanza. Sura hii yakusudia kubainisha kwamba uzito wa programu hizi, iwe Photoshop au GIMP, una sababu zinazojulikana, na kwamba mwenye kuzitafuta kwa utaratibu huzipata kabla ya kufungua mfuko wake.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba picha iliyofunguliwa hailingani kwa ukubwa na picha iliyohifadhiwa. Picha ya kamera yenye pikseli 6,000 kwa 4,000 ina pikseli milioni 24, na kila pikseli huhitaji baiti tatu, moja kwa nyekundu, moja kwa kijani na moja kwa buluu. Kwa hiyo faili ya JPEG, ambayo kwa kubanwa ilichukua megabaiti chache tu katika diski, hukunjuka ikifunguliwa ikawa baiti milioni 72. Matabaka, yaliyoingizwa katika Photoshop toleo la 3.0 mwaka 1994, yalimpa fundi uhuru mkubwa wa kutenga sehemu moja ya kazi na nyingine. Walakini kila tabaka lililojaa picha nzima hudai sehemu yake, pamoja na baiti ya nne ya kuonyesha uwazi, hata matabaka kumi ya picha hiyo yakakaribia gigabaiti moja. Achaguaye biti 16 kwa kila rangi badala ya 8 huuzidisha mzigo huo mara mbili, na juu ya yote hayo programu hutunza historia ya hatua zilizopita ili fundi aweze kurudi nyuma.

Kumbukumbu ya kompyuta ikijaa, programu huazima nafasi katika diski, na hapo ndipo taabu huanza, kwa kuwa diski, hata ile ya SSD isiyokuwa na kisahani cha kuzunguka, haifikii kasi ya kumbukumbu. Photoshop ina kipimo cha ufanisi kinachoweza kuonyeshwa chini ya dirisha: kikisoma asilimia 100, kazi yote imo katika kumbukumbu, kikishuka, diski imekwisha azimwa. Wala si busara kuipa programu kumbukumbu yote kwa pupa, maana kompyuta yenyewe nayo ina haja zake. Kwa desturi Photoshop hujitengea asilimia 70, na kiasi hicho huwatosha wengi.

Tabibu hodari humwuliza mgonjwa homa humjia saa ngapi kabla ya kumwandikia dawa. Vivyo hivyo fundi na ajiulize uzito hutokea lini. Ukitokea wakati wa kufungua programu, atazame wingi wa fonti na programu ndogo za nyongeza alizozirundika. Ukitokea brashi inapopita au picha inapokuzwa, azime kwa muda msaada wa kadi ya grafiki katika mipangilio. Uzito ukiondoka, yaelekea kadi hiyo yahitaji draiva mpya. Ukiingia polepole baada ya kazi ndefu, sababu yaelekea kuwa kumbukumbu iliyojaa: apunguze hatua za historia, afunge picha asizozihitaji, au aisafishe akiba ya programu, akijua kwamba baada ya kuisafisha hataweza kurudi nyuma. Na kila mara abadili jambo moja tu, apime, kisha aendelee. Kwani abadiliye mambo matano kwa pamoja, hata akipata nafuu, hajui ameipata kwa lipi.

Lakini mzigo mwingi huletwa na fundi mwenyewe siku ya kwanza ya kazi. Chukua bango la mita 3 kwa mita 1: akilianzisha kwa nukta 300 kwa kila inchi, kama atengenezavyo kadi ya harusi, atapata pikseli 35,433 kwa 11,811, yaani baiti zaidi ya bilioni 1.25 kabla ya kuongeza tabaka la pili, na faili hiyo haiwezi hata kuhifadhiwa katika muundo wa PSD, ambao kikomo chake ni pikseli 30,000 kwa kila upande. Akilianzisha kwa nukta 100, mzigo hushuka hadi sehemu moja ya tisa, na mpita njia alitazamaye kutoka ng'ambo ya barabara haoni tofauti yoyote.

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Iko siku ambapo kumbukumbu ya gigabaiti 4 haitatosha kwa hali yoyote, na siku hiyo kununua ni haki. Ila ewe msomaji, usinunue kitu kabla ya kuipima picha, kumbukumbu, diski na mipangilio, kwa utaratibu huo, na kujua kwa yakini ni kipi kati ya hivyo kilichopungua.