Bakora ikiwekwa chini, mwalimu ashike nini?

Kila tunapozungumzia nidhamu ya wanafunzi, msikilizaji, swali hurudi lile lile: "Bila ya bakora, watoto watasikia kweli?" Ni swali la haki. Mwalimu wa hapa Ole mwenye darasa lililojaa hataki maneno mengi. Anataka watoto watulie, asomeshe.

Sheria inasemaje?

Elimu ya skuli si jambo la Muungano. Tanzania Bara, kanuni zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne. Kwetu Zanzibar, sera ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali haitaki viboko maskulini, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamkinga mtoto na mateso.

Hatari yenyewe si ya kudhania. Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa skuli ya msingi alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu.

Kuna na hasara isiyoonekana haraka. Anayechapwa humuogopa mwenye bakora. Mwalimu akitoka, kelele zinarudi. Na mtoto aliyechelewa kwa sababu ya maji au karafuu, akijua bakora inamngoja getini, huona bora asiende kabisa. Tulitaka awahi, tumempoteza.

Zawadi isiyo ya pesa

Jambo linalomletea mtu faida, hulirudia. Mwaka 1969, katika skuli moja ya Kansas, Marekani, watafiti waligawa darasa makundi mawili. Kila mtoto alipovunja kanuni, kundi lake liliwekewa alama ubaoni. Kundi lenye alama chache lilishinda, na yote mawili yakiwa na alama chache, yote yalishinda. Zawadi zilikuwa ndogo: kutangulia kwenda kula, au kuongezewa muda wa kufanya wanachopenda. Fujo ilipungua sana. Mchezo uliposimamishwa, fujo ikarudi. Ulipoanzishwa tena, ikapungua.

Kwetu chaki na ubao vinatosha. Anzeni hivi:

- Wekeni kanuni tatu au nne, watoto wenyewe wakishiriki kuzitunga.
- Zawadi itolewe siku ile ile, si mwisho wa mwaka.
- Sifa itaje kitendo: "Leo umenyoosha mkono kabla ya kusema, ahsante." Hiyo inafundisha kuliko "mtoto mzuri".
- Msimpe wa kwanza tu kila siku. Aliyekuwa akichelewa siku nne, wiki hii akachelewa moja, naye anastahiki.

Lakini zawadi nayo ina mpaka. Mwaka 1973, watafiti wa Marekani waliwaahidi zawadi watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadaye watoto hao wakachora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kwa hivyo anachokipenda mtoto mwenyewe, mwacheni akipende bila ya malipo.

Anayekosea je?

Asiachwe. Lakini linalomfika lihusiane na kosa. Aliyetupa taka aokote. Aliyechafua dawati alisafishe. Aliyechelewa afidie kazi iliyompita. Kumsimamisha juani au kumtoa darasani ni kumnyima lile lile somo alilolifuata. Na liwe sawa kwa wote: mtoto wa jirani na mtoto wa mwalimu.

Mtoto akirudia kosa mara kwa mara, mwalimu amuite mzazi kabla hajakasirika. Huenda mtoto anakuja na njaa, haoni ubao, au ana jambo nyumbani.

Wazazi nanyi, jioni msiulize tu "Umechapwa leo?" Ulizeni "Umesifiwa kwa lipi?" Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi na tuwatunze wanaocheza vizuri, tusisubiri mpaka wakosee ndipo tuwaone.