Matumbawe ya bahari sebuleni Meru na Embu: Yanavyofugwa na gharama yake

WAKAZI wa Meru na Embu si wageni katika ufugaji wa samaki. Tangu serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi mwaka 2009, mabwawa ya tilapia na kambare yamechimbwa katika mashamba mengi ya eneo hilo.

Lisilojulikana na wengi ni kwamba inawezekana pia kufuga, ndani ya tangi la kioo, viumbe ambao makao yao ya asili yako umbali wa kilomita 600 au zaidi kwa barabara. Viumbe hao ni matumbawe ya Bahari Hindi.

Kazi hiyo haimlazimu mtu kuishi pwani. Inachohitaji ni maji ambayo hali yake haibadiliki, usiku na mchana, mwaka mzima. Tilapia wa bwawani huvumilia maji yakipoa au yakichafuka kidogo, lakini tumbawe halivumilii. Anayelipuuza sharti hilo hupoteza fedha nyingi na kuua viumbe waliochukua miaka kukua.

Tumbawe ni nini?

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe au mmea. Ukweli ni kwamba ni kundi la wanyama wadogo sana walioshikamana, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri. Baadhi yao hufyonza kalsiamu kutoka majini na kujijengea nyumba ya mawe. Wengine ni laini na hawana nyumba hiyo.

Ndani ya nyama zao huishi mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Ndiyo maana tangi la matumbawe huhitaji taa zenye nguvu, ambazo huwashwa kwa saa nane hadi kumi kila siku.

Maji yakipata joto kupita kiasi kwa muda, tumbawe huufukuza mwani huo na kubaki jeupe. Hali hiyo isipokoma mapema, tumbawe hufa kwa njaa. Hilo ndilo lililotokea katika pwani ya Kenya mwaka 1998, wakati wa El Nino, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe iliangamia. Mnamo Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia ilikuwa ikikumbwa na wimbi la nne la matumbawe kugeuka meupe kote baharini. Ndani ya tangi, janga kama hilo linaweza kuletwa na kipasha joto kimoja kilichokwama.

Chumvi na maji

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kwa hivyo, tangi la lita 200 huhitaji karibu kilo 7 za chumvi kwa kuanzia. Desturi ya wafugaji wengi ni kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, yaani lita 20, na kazi hiyo hula karibu kilo 3 za chumvi kwa mwezi.

Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo. Vivyo hivyo chumvi ghafi inayovunwa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ijapokuwa imetoka baharini. Maji ya bahari yanapokauka juani, kalsiamu hutangulia kuganda, nayo magnesiamu hubaki katika maji yanayoondolewa mwishoni. Kinachovunwa ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Tumbawe huhitaji miligramu 400 hadi 450 za kalsiamu katika kila lita, na magnesiamu kiasi cha miligramu 1,300. Chumvi inayotumika ni ile iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya bahari.

Maji yanayochanganywa na chumvi hiyo nayo ni suala nyeti. Maji ya mfereji hutiwa klorini. Maji ya mito hubeba mabaki ya mbolea kutoka mashamba ya chai na kahawa, na mabaki hayo huotesha mwani mchafu unaofunika matumbawe. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la mabati yanaweza kuwa na zinki. Zinki na shaba, hata kwa kiasi kidogo, huua matumbawe, kamba na konokono wa baharini.

Njia ya kuaminika ni mtambo wa kuchuja maji kwa utando, wa aina inayotumiwa na wauzaji wengi wa maji ya kunywa mijini, pamoja na kichujio cha mwisho cha kuondoa madini yaliyosalia. Kifaa kidogo cha kupima madini yaliyoyeyuka kinapaswa kuonyesha sifuri au karibu na sifuri. Mtambo huo humwaga lita kadhaa za maji kwa kila lita safi inayopatikana, na maji hayo yanayomwagika yanafaa kufulia nguo au kunyunyizia sukuma wiki.

Kosa linalorudiwa sana na wanaoanza ni kujaza maji ya chumvi kila kiwango cha maji kinaposhuka. Maji hupaa hewani lakini chumvi hubaki tangini. Kinachotakiwa kuongezwa kila siku ni maji matamu yaliyochujwa. La sivyo, chumvi huzidi siku baada ya siku hadi viumbe vyote vife.

Baridi na hewa ya nyanda za juu

Matumbawe hustawi katika joto la nyuzi 24 hadi 27 za sentigredi. Mfugaji wa Mombasa huhangaika kupoza maji yake. Yule wa Meru au Embu hukabiliwa na tatizo la kinyume, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 15.

Kipimo cha kawaida ni wati moja ya kipasha joto kwa kila lita ya maji. Ni busara kutumia viwili vya wati 100 badala ya kimoja cha wati 200. Kimoja kikizimika, cha pili hupunguza makali ya baridi. Kikikwama kikiwaka, hakina nguvu ya kuyachemsha maji yote kabla ya mwenyewe kugundua.

Jambo lisilozungumzwa sana ni hewa. Mji wa Meru uko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Embu uko chini kidogo tu ya hapo. Katika mwinuko huo, maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na pwani. Aidha, maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Kwa sababu hiyo, pampu zinapaswa kuutibua uso wa maji bila kukoma, na samaki wawe wachache.

Umeme unapokatika

Hapa ndipo matangi mengi huangamia. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi. Katika tangi lenye samaki wengi, pampu zikisimama, oksijeni inaweza kwisha katika saa chache. Baridi hufuata nyuma.

Kinga ya kwanza ni pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Ya pili ni blanketi la kulizungushia tangi ili kuhifadhi joto. Visipokuwapo, kuna njia ya kale. Mwaka 1846, Mwingereza Anna Thynne alisafirisha matumbawe kutoka Torquay hadi London, mbali na bahari. Umeme haukuwa umefika majumbani, kwa hivyo mtumishi wake aliyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Jagi la jikoni laweza kufanya kazi hiyo hiyo leo: chota maji tangini na uyamimine tena kutoka juu, kwa dakika chache, kila baada ya nusu saa.

Matumizi ya umeme yenyewe yanafaa kupigiwa hesabu mapema. Tuseme vipasha joto vya wati 200 vinawaka nusu ya siku, taa za wati 100 zinawaka saa tisa, na pampu za wati 40 zinafanya kazi saa zote 24. Jumla ni zaidi ya yuniti 4 kwa siku, au karibu yuniti 130 kwa mwezi. Msomaji azidishe idadi hiyo kwa bei anayolipa sasa, kabla ya kununua hata kioo.

Kungoja

Tangi jipya halitiwi kiumbe chochote siku ya kwanza. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara kidogo. Bakteria hao hujenga makao katika mawe yenye vitundu vingi yaliyomo tangini, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Vipimo vya amonia na nitriti vikifika sifuri na kubaki hapo, ndipo samaki mmoja au wawili huingizwa. Matumbawe hufuata baadaye.

Anayeanza anashauriwa kuchagua matumbawe laini, kwa kuwa yanastahimili makosa madogo. Matumbawe ya mawe yenye matawi huhitaji mwanga mkali, maji yanayokwenda kasi na kalsiamu isiyoyumba, na ni ya watu wenye uzoefu.

Tahadhari moja ni ya uhai. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya rangi yana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe. Yashikwe kwa glavu, na mawe yaliyoota viumbe hao yasichemshwe wala kusuguliwa ndani ya nyumba, kwa sababu mvuke wake umewahi kupeleka familia nzima hospitalini katika nchi za nje.

Yasivunjwe baharini

Wapo wanaorudi kutoka likizo Mombasa au Malindi na kipande cha tumbawe mkobani. Tumbawe hilo likishatolewa majini hufa, na kulichukua kunaweza kumwingiza mtu matatani na sheria. Katika hifadhi za baharini kama Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, ni marufuku kuondoa tumbawe au kombe. Matumbawe ya mawe yamo pia katika mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na Kenya ni mwanachama. Kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa.

Tumbawe linalostahili kununuliwa ni lile lililokuzwa katika tangi. Hukatwa kipande, kikabandikwa juu ya jiwe na kukua upya, jinsi mkulima anavyokata kipande cha muhogo au nepia na kukipanda. Mnunuzi amwulize muuzaji alikolitoa na adai kuona stakabadhi.

Sababu ya ukali huo ni mwendo wa ukuaji. Matumbawe makubwa ya mviringo huongezeka kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Lenye kimo cha mita moja lilianza maisha yapata miaka 100 iliyopita.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulisoma tabaka za tumbawe moja la Malindi lenye miaka 300 hivi. Tabaka hizo zilionyesha kwamba udongo ulioletwa na Mto Sabaki uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya bara ilipoanza kulimwa kwa wingi. Udongo huo huzuia mwanga na kuyafunika matumbawe. Maji ya Meru na Embu hayaingii Sabaki. Mito kama Kathita na Rupingazi hupeleka maji yake Tana. Hata hivyo, Tana nao huishia Bahari Hindi, kwa hivyo mkulima anayechimba matuta Runyenjes au Nkubu hulinda bahari ambayo huenda hajaiona.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri ni huu. Anzia msimu wa baridi. Weka tangi, mawe na maji ya chumvi, bila mnyama yeyote, na uandike kila asubuhi na jioni kiwango cha joto na cha chumvi kwa miezi mitatu. Joto likibaki ndani ya mpaka na chumvi isipoyumba, hata siku za umeme kukatika, nyumba hiyo inaweza kupokea tumbawe. Daftari likionyesha vinginevyo, nauli ya kwenda Watamu na kodi ya mashua yenye sakafu ya kioo zitagharimu kidogo kuliko tangi, na matumbawe yataonekana yakiwa hai mahali pake.