Muvi tano za dunia kwa mtu aliyelelewa na DJ Afro

Ukiuliza watu Mowlem kama wanatazama filamu za dunia, wengi watakuambia hizo ni za wasee wa Kilimani, watu wa kunywa kahawa ya soo tano. Sisi huku ni Jackie Chan, muvi za Kihindi na mpira wikendi.

Hebu ngoja. Jackie Chan si wa Kayole. Muvi zake za kitambo ziliongewa Kikantoni, na bado hakuna mtu Eastlands aliyetoka kibandani akisema hakuelewa. Tulielewa kwa sababu DJ Afro alikuwa pale, anatafsiri, anaongeza chumvi, anamwekea stelingi maneno ya mtaa mdomoni. Sikumaliza chuo, lakini kibandani nilihitimu.

Kwa hivyo wewe tayari umezoea kufuata uso wa mtu ambaye lugha yake huijui. Kusoma maandishi yanayopita chini ya skrini ni hatua moja tu mbele. Dakika kumi za kwanza macho yatakimbizana, halafu utasahau kama unasoma.

Mbona ujisumbue? Kwa sababu muvi nyingi za Hollywood zinatuonyesha watu wenye dimbwi la kuogelea nyuma ya nyumba. Kuna nyingine zinazotuonyesha sisi, hata kama zilitengenezwa kabla mama zetu wazaliwe. Anza na hizi tano.

Bicycle Thieves (Italia, 1948). Ni Rome baada ya vita, kazi hakuna. Antonio anapata kibarua cha kubandika mabango, sharti awe na baiskeli. Mkewe anatoa mashuka ya nyumbani yawekwe rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, inaibwa. Kuanzia hapo ni yeye na kijana wake mdogo wakiitafuta mji mzima. Muulize mtu wa boda ambaye bado analipa mkopo wa pikipiki kama hiyo ni hadithi ya Italia pekee. Mwelekezi Vittorio De Sica alimpa nafasi ya baba mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji, na inaonekana: yule jamaa haigizi msoto, anaujua. Usingoje mwisho wa kupigiwa makofi.

Touki Bouki (Senegali, 1973). Mory na Anta, vijana wa Dakar, wanataka kitu kimoja tu: kufika Paris. Pesa hawana, kwa hivyo wanaanza kutapeli watu. Mory ana pikipiki yenye fuvu la ng'ombe na pembe zake mbele. Ukihisi umeiona mahali, ni kwa sababu Beyoncé na Jay-Z waliiga picha hiyo wakitangaza ziara yao ya 2018. Muvi ya Djibril Diop Mambéty haiendi moja kwa moja, inarukaruka kama ndoto, na kuna picha za machinjioni ambazo ni za kweli, kwa hivyo jipange. Lakini karibu kila ploti huku ina mtu anayengoja kuitwa Qatar ama Saudia. Wewe ungeondoka?

Who Killed Captain Alex? (Uganda, 2010). Hii ni ya hapa jirani, Wakaliga, Kampala. Nabwana I.G.G. aliitengeneza kwa bajeti inayosemekana haikufika dola 200. Helikopta ni za kompyuta, kung fu ni ya vijana wa mtaa, na juu ya yote kuna VJ Emmie akipiga domo mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyekulia kwa DJ Afro atajiona nyumbani. Wakaliwood wenyewe wameiweka YouTube bure, kwa hivyo gharama yako ni bando tu.

Vuta N'Kuvute (Tanzania, 2021). Amil Shivji ameichukua riwaya ya Adam Shafi na kuturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anatoroka na kukutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Kiswahili chake cha Unguja ni kitamu, na kwa mara moja maandishi ya chini si yako, ni ya Wazungu.

Supa Modo (Kenya, 2018). Jo ni msichana mdogo, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wale wa kwenye muvi. Kijiji kizima kinaamua kumtengenezea muvi yake. Likarion Wainaina ndiye mwelekezi. Beba kitambaa.

Sasa neno gumu. Msee wa kutuwekea muvi kwa flashi huweka kile kinachoulizwa. Kama hakuna anayeuliza Supa Modo, hana haja ya kuwa nayo. Hata akiwa nayo, ile mbao unayompa haimfikii aliyeitengeneza. Na tiketi ya sinema kwa mall inakula pesa ya unga pamoja na nauli. Ndiyo maana Supa Modo ilionyeshwa Berlin, Vuta N'Kuvute ikaonyeshwa Toronto, na Mowlem bado tunaulizana ni muvi gani hizo. Mwelekezi akiona wanaomtazama wako Ulaya, ataanza kuwaongelea wao. Hadithi itakuwa yetu, lakini hatutakuwa tunaambiwa sisi.

Dawa si kubwa. Alliance Française na Goethe-Institut pale tao huonyesha filamu, mara nyingi bure. Angalia ratiba zao kabla ya kupanda mathree. Filamu ya hapa ikitoka mahali pa kulipia, changeni watu watano, mtazame kwa keja moja.

Captain Alex iwe ya Ijumaa usiku, na kelele. Bicycle Thieves iache hadi Jumapili jioni, ukiwa na mtu wa kuongea naye ikiisha.