Jina Lako kwa Banki: Namna ya Kulitengeneza

Usalama wa mutumikaji hauanzi ku mulango wa fabriki. Unaanza nyumbani. Unaweza kuvaa kofia ya kazi, viatu vya kazi na miwani, lakini kama usiku wote haukulala sababu ya kuhesabu madeni, kichwa kinafika ku kazi kimechoka. Mahali kama Shituru, ambapo kazi ya shaba inafanywa na asidi na umeme, mutu asiyeangalia vizuri anajiumiza yeye mwenyewe na mwenzake. Ndiyo sababu leo tunasema nawe, bwana mutumikaji, pamoja na mama wa nyumba, juu ya madeni, na juu ya kitu ambacho deni mbaya inaharibu: jina lako kwa wale wanaokopesha feza.

JINA HILO LINAANDIKWA WAPI?

Kule Marekani, mukopaji anapewa hesabu, kutoka 300 mpaka 850. Aliye na hesabu ya chini ananyimwa mukopo, ao anakopeshwa kwa faida kubwa. Kwetu Kongo jina linaangaliwa kwa njia ingine. Banki inaangalia kama mushahara wako unapita kwake kila mwezi, na kama ulilipa vizuri mukopo wa kwanza. Tena Banki Kuu ya Kongo inashika kitabu kinachoitwa Centrale des risques, ambamo mabanki yanatangaza mikopo waliyotoa. Basi usizani kwamba ukikimbia deni ku banki moja, ile ya pili haitajua kitu.

Kuna na kitabu ambacho hakiandikwi: kinywa cha watu. Wenzako wa likelemba, mama wa duka ku Kikula, jirani wa Panda, wote wanajua nani analipa na nani anajificha.

HATARI YA BANQUE LAMBERT

Mutu akikosa jina zuri ku banki, anakwenda kwa mukopeshaji wa kartye, yule tunayemwita Banque Lambert. Hapo hakuna karatasi nyingi, feza inatoka siku ileile. Lakini fanya hesabu pamoja na sisi. Tuseme umekopa franka 100,000 kwa faida ya 30 ku 100 kila mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza, deni ni 130,000. Usipolipa kitu, mwezi wa pili inakuwa 169,000. Mwezi wa tatu, 219,700. Katika miezi mitatu deni imepita mara mbili.

Na yule anayelipa faida tu, franka 30,000 kila mwezi? Kisha miezi sita ametoa 180,000, na ile 100,000 ya kwanza ingali inamungoja. Watoto wamekosa minervali, bukari imepunguka ndani ya sahani, lakini deni haikupunguka hata franka moja.

Jambo moja usilifanye hata siku moja: kumuachia mukopeshaji karte yako ya banki pamoja na namba yake ya siri. Hapo si deni tena. Umemupa mutu mwingine mushahara wako, na wewe unabakia kumuomba chakula cha watoto wako.

FANYA HIVI

1. Kamata kaye. Wewe na bibi yako, andikeni madeni yote: unadaiwa na nani, kiasi gani, faida gani, tarehe gani. Mwanaume anayemuficha bibi yake deni anafunga kidonda kichafu. Kitaoza.

2. Funga mulango. Usikope kwa huyu ili kumulipa yule, isipokuwa kama mukopo mupya una faida ndogo kabisa kupita ule wa zamani, na unamaliza ule wa zamani mara moja.

3. Anza na deni yenye faida kubwa. Hata kama ni ndogo, ndiyo inayokula nyumba. Kwa zingine, lipa kiasi mulichopatana, bila kuruka mwezi.

4. Usijifiche. Nenda kwa unayemwia mbele ya tarehe, si nyuma. Mwambie kweli: "Siwezi 50,000, lakini 20,000 kila mwezi nitaleta." Wengi wanakubali, kwani wanapenda kupata kidogo kuliko kukosa yote. Mapatano yaandikwe, na kila mutu abakie na karatasi yake.

5. Omba risiti kila mara. Ukimaliza deni ya banki, omba karatasi inayohakikisha kwamba umemaliza, na uulize kama jina lako limesafishwa ku Centrale des risques. Ukiona kosa, andika barua na uonyeshe risiti zako. Asiye na risiti hana kinywa.

6. Jenga jina upya polepole. Weka akiba kila mwezi, hata kidogo. Kisha omba mukopo mudogo unaoweza kulipa bila taabu, na uulipe siku yenyewe. Mikopo miwili mitatu iliyolipwa vizuri inasema kupita maneno mengi.

UJUE HAKI YAKO

Kukopesha kama kazi kunataka ruhusa. Kuna sheria juu ya mabanki, juu ya koperative za akiba, na juu ya mikopo midogo. Mbele ya kutia sahihi, uliza: nyumba hii ina ruhusa ya Banki Kuu? Tena, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inaweka mupaka kwa kiasi cha mushahara kinachoweza kukamatwa sababu ya deni. Kama unaona unakatwa kupita kiasi, peleka karatasi zako kwa delege wa sendika.

WAZEE WANAKUMBUKA

Likasi inajua uchungu wa deni. Watumikaji wa Gécamines walipitisha miezi mingi bila mushahara, nyumba zikiishi kwa kukopa unga ku duka. Mwaka 2003, wakati zaidi ya watu 10,000 walipoacha kazi katika mupango wa départs volontaires uliosaidiwa na Banki ya Dunia, feza ya kuondoka ilikuta madeni yanaingoja. Waliokuwa na akiba, ao shamba, ao jina zuri kwa jirani, walipata pa kushika.

Basi, mwenzetu, siku ya mushahara usipitie kwanza ku nganda. Pitia nyumbani, fungueni kaye, tieni alama ku deni moja. Kisha ulale. Kesho kazi inataka macho mawili yaliyo wazi.