NAMNA YA KUTIA NJIA ZETU NDANI YA ORDINATERI

Wengi wametuuliza sababu gani wanafunzi wa klabu yetu wanasimama asubuhi karibu na soko la Kenya na makaratasi mkononi, kama watu wa kodi. Tunajibu hapa.

Tunajenga mfano wa njia ndani ya ordinateri. Motokari ndogo za picha zinatembea, zinasimama, zinafungana, ili tuone kitakachotokea kama taa ikibadilishwa ao njia ikifungwa, pasipo kusumbua mtu. Programu tunayotumia inaitwa SUMO. Ilitoka Ujerumani, ku shirika la DLR, na tangu 2001 inatolewa bure.

Kuianza kunadai vitu vitatu. Kwanza ramani: tunaitosha ku OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, na chombo kinachoitwa netconvert kinaigeuza kuwa mistari na njia panda. Pili safari: nani anatoka wapi, saa gani, anaenda wapi. Tatu karatasi fupi ya kuunganisha hizo mbili. Ya kwanza na ya tatu tulizimaliza kwa siku moja. Ya pili ndiyo kazi yenyewe, na hapo tulianguka.

SUMO ina chombo cha kubahatisha safari. Tukakitumia, motokari zikaenea mji mzima sawasawa, kama vile hakuna soko wala masomo. Lakini Lubumbashi haiko hivyo. Tangu miaka ya 1920 Wabelgiji walitenga mji wa wazungu na mitaa ya watu weusi, na eneo tupu katikati. Hata leo asubuhi watu wengi wanatoka Kenya, Katuba na Kamalondo kuelekea mjini kwa njia chache tu. Mashini haiwezi kubahatisha historia.

Basi tukaenda kuhesabu motokari. Tukazitia ndani, ambutayaji ikatokea, tukapiga makofi. Mara motokari zikaanza kupotea! Mwenzetu mmoja akalia: "Mashini iko naiba bamotokari!" Kumbe ni desturi ya programu: motokari ikikwama sekunde 300, inanyanyuliwa na kuwekwa mbele penye nafasi. Onyo lilikuwa limeandikwa chini ya skrini, ila hakuna aliyelisoma. Sasa tunajua: motokari nyingi zikinyanyuliwa, mara nyingi kosa ni la ramani yetu. Mahali ramani haisemi njia ina mistari mingapi, netconvert inakisia tu.

Kosa kubwa zaidi tuliliona nyuma. Tuliuliza mashini taa ya njia panda ikae namna gani, ikajibu upesi: wapeni motokari nafasi ndefu. Ni kweli, kwa yale tuliyoiambia, maana hatukuandika mtu hata mmoja anayekwenda kwa miguu! Haikujua kama mama mwenye beseni ya mikate anangoja kuvuka, wala sisi wenyewe tunaokimbilia kengele. SUMO inaweza kuonyesha watu wa miguu, lakini sharti uiombe ifanye vivuko na njia za pembeni. Tuliporudi kuhesabu, mistari ya watu wa miguu ilijaza kurasa nyingi kupita ya motokari.

Bado kuna mambo magumu. Kinga iliyobeba makala haiendi mwendo mmoja na kinga tupu. Taksi-busi inasimama popote mtu anapopunga mkono, na ile yenye volani ya kuume mlango wake unafungukia katikati ya njia, abiria anashukia mbele ya kamyo. Hilo hatujui bado namna ya kuliandika.

Tusiseme kwamba kazi hii inapita nguvu za vijana. Kuanzia 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vya Marekani, walipanda matatu na telefone mkononi, wakaandika njia zaidi ya 130. Ramani yao ilitoka 2014, na kila mtu aliweza kuitumia. Walianza kwa kupanda na kuandika, kituo kwa kituo.

Tutahesabu tena Jumaane, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tunatafuta watu wanne: wawili wa watu wa miguu, mmoja wa kinga, mmoja wa taksi-busi. Kalamu zipo. Kofia kila mtu alete yake.